Siku Niliyosema Dishi Limenishinda

Televisheni iliyoko ukumbini kwa mama, hapa Muyeye, Malindi, niliileta mimi. Nyumba yenyewe niliijenga mimi, kuanzia msingi hadi paa, kwa jasho la miaka kumi na moja niliyofanya kazi Doha. Juu ya televisheni hiyo nimetundika diploma yangu ya umeme, ndani ya fremu ya kioo, ili anayetazama picha aione na yenyewe. Niliipata Mombasa kwa kusoma jioni, mchana nikibeba zege, na hakuna mjomba wala mheshimiwa yeyote aliyenishika mkono. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu bila kuyajua, msomaji hataelewa nilijinyima nini siku ile niliyosimama mbele ya wanawake watatu nikasema kwamba dishi limenishinda.

Kwanza nieleze wanavyotazama.

Saa nane mchana, vyombo vya chakula vikishaoshwa na adhana ya alasiri ikiwa bado, mama huketi kwenye kochi refu. Kando yake hukaa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye tangu nirudi ameikubali nyumba hii kuliko yake. Jirani yetu muuza bajia huacha karai lake likiwa limefunikwa, akaja na kanga yenye harufu ya mafuta, akakaa chini kwenye mkeka kwa sababu, asema, akikaa kwenye kochi hawezi kutukana vizuri. Dada yangu mdogo, mwalimu wa chekechea, akirudi kazini huketi nyuma yao wote, karibu na mlango wa jikoni.

Tamthilia yao mwaka huo ilikuwa ya ng'ambo, watu wake wamevaa makoti mazito na wanaishi mahali penye theluji, lakini ilitiwa sauti za Kiswahili. Kwa mama jambo hilo lilitosha. Mtu akisema Kiswahili ni mtu wa kujibiwa. Mle ndani wakiamkiana, mama huitikia. Mgonjwa akilazwa, humwombea dua kwa jina lake na jina la mamake. Shangazi hujitanda mtandio vizuri hakimu anapoingia. Jirani kazi yake ni kuonya. "Usinywe hiyo chai, we mwanamke! Hebu tazama mkono wake kwanza!" Mwanamke akiinywa, jirani humgeukia mama kwa uchungu: "Si nimemwambia?"

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mjane mwenye nyumba na binti mmoja. Kijana mmoja mchangamfu akamposa binti, akapewa. Akawa mkwe mwema mpaka siku aliyomletea mjane karatasi, akamwambia ni ya mambo ya maji na taa, mjane akatia kidole. Kumbe ni hati ya nyumba. Akatolewa nje na sanduku lake, mvua inanyesha. Siku hiyo mama hakula chakula cha usiku. Alikaa akitazama ukuta wa ukumbi, ukuta niliopiga plasta kwa mkono wangu, kama anayeuaga.

Mimi niliwacheka, sitaficha. Nimeona dunia, najua taa zinavyowekwa ili machozi yang'ae. Lakini ukweli mwingine nao niuseme. Doha tulilala wanaume wanane chumba kimoja, wa nchi tano, na Ijumaa tulitazama filamu kwenye televisheni ndogo ambayo sauti yake ilikuwa imekufa. Siku moja kulikuwa na filamu ya mwanamke mzee anayengoja kwenye kituo cha reli. Hatukusikia neno hata moja. Anayeshuka siye, garimoshi linaondoka, yeye anakunja shali lake na kurudi nyumbani. Mimi nilitoka nje nikasema nakwenda kuangalia fyuzi. Nikaiangalia kwa muda mrefu. Kwa hiyo nikiwacheka akina mama, nilicheka kidogo tu.

Sasa, posa.

Mtu aliyempenda dada yangu alikuwa fundi wa madishi, mzaliwa wa Ngomeni, aliyepanga chumba hapa mjini. Walijuana alipokwenda kurekebisha kipaza sauti cha shule yao. Dada alikuwa na miaka thelathini na miwili na alishakataa wawili, kwa hiyo aliponiambia kwamba huyu anamtaka, nilijua si maneno ya kupita. Wazee watatu wakaja kutoka Ngomeni na barua ya posa. Waliketi ukumbini saa nzima, midomo mikavu, wala hawakuona vibaya, kwa sababu wanajua desturi: katika ukoo wetu, upande uliokuja kuposa hauli wala haunywi kitu katika nyumba ya binti kabla jawabu halijatoka. Ukiwapa hata maji, umeshajibu, na hakuna kurudi nyuma. Mama akaipokea barua, akasema jawabu litakuwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mambo yalikuwa mazuri.

Yaliharibika jioni ile ile, dada alipoitoa picha ya mwanamume huyo katika simu ili shangazi aione.

"Bui, mwenzangu," jirani alisema, akichungulia begani kwa shangazi, "mbona sura hii naijua?"

"Nami naijua," alisema shangazi.

Mama aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Ni yeye," akasema.

"Ni yeye nani?" niliuliza.

"Yule mla nyumba."

Nilitazama, na wallahi walifanana. Nyusi zilizoungana, kidevu chenye kishimo, na lile tabasamu la upande mmoja wa mdomo. Ungemvika koti zito ungemwona kwenye theluji.

Nilijaribu njia ya elimu. Niliwaketisha, nikawaeleza kwamba mwigizaji ni mtu wa kazi kama mimi nilivyo wa umeme, kwamba akimaliza anavua koti na kwenda nyumbani. Nikawatafutia katika simu mahojiano ya yule mwigizaji, akiwa kwake, anamwagilia maua, mwanawe amemkalia mapajani. Mama alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akanirudishia simu.

"Basi ni mbaya kuliko nilivyodhani," alisema. "Kumbe aweza kukaa hivyo mchana kutwa, na mtoto asijue."

Shangazi akasema tumshukuru Mungu aliyetuonyesha mapema. Nikasema huyo wa Ngomeni ni mwingine kabisa, hana uhusiano wowote na yule. Mama akaniuliza, kwa sauti ya upole ambayo ni ngumu kuijibu: "Mwanangu, hati ya nyumba hii ina jina la nani? Langu. Mimi ni mjane. Nina binti mmoja. Sasa wewe niambie, nimekuwa mjinga?"

Hakuwa mjinga. Hapa kwetu watu wametolewa kwenye mashamba ya babu zao kwa karatasi ambazo hawakuzisoma, na mama anawajua kwa majina. Hofu yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa imekaa kwenye sura isiyostahili.

Nilimkuta dada uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi kana kwamba nazi ndiyo iliyomkosea.

"Ijumaa mama atasema hapana," alisema.

"Bado siku tano. Nitazungumza naye tena."

"Umezungumza, kaka. Umezungumza mpaka umempa mambo mapya ya kuogopa." Akaipigapiga nazi kwenye sinia. "Mimi sitatoroka, sitamvunjia mama heshima. Lakini nisikilize. Huyu akikataliwa, msiniletee mwingine. Nitazeeka hapa hapa nikitazama tamthilia pamoja nao."

Hakulia. Angelia, ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Aliinuka na nazi yake, akafika mlangoni, akageuka. "Wewe si una diploma? Fanya kitu."

Nilifikiri siku mbili. Mama asingeweza kumjua mtu huyu isipokuwa amwone, na desturi haimruhusu mposaji kuja kujionyesha kwenye nyumba anayosubiri jawabu lake. Lakini fundi huitwa. Fundi ni fundi, na wa madishi mtaani kwetu alikuwa huyo tu. Na Jumatano, siku mbili kabla ya jawabu, mjane wa kwenye tamthilia angesimama mbele ya hakimu kudai nyumba yake. Wiki nzima hawakuzungumza jingine.

Jumatano asubuhi, mama na shangazi wakiwa sokoni, nilipanda paa. Kazi ya dakika tatu. Nilifungua nati inayoshika waya kwenye kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi, nikautoa waya. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu asiyesoma asingelifanya: niliifunga ncha ya waya kwa kipande cha nailoni na utepe, kwa sababu upepo wa hapa una chumvi, na shaba ikiachwa wazi siku moja tu huanza kuliwa. Mkono uliofundwa haukubali kuacha waya uchi, hata ukiwa unaharibu kwa makusudi.

Saa nane kasoro robo mama aliwasha. Kioo cheusi, na maandishi ya kusema hakuna mawimbi.

"Injinia!" jirani aliniita. Hiyo ndiyo heshima yangu mtaani, na sikatai.

Nilipanda paa, nikakaa huko kiasi cha mtu anayehangaika, nikashuka. Nikapanda tena. Nikashuka nimejifuta vumbi la bati usoni. Wanawake watatu walikuwa wananitazama, na juu ya vichwa vyao diploma yangu nayo inanitazama.

"Limenishinda," nilisema.

Neno hilo sikuwahi kulitamka tangu nilipobeba karai la kwanza la zege. Lilitoka zito kama mfupa.

"Ati?" alisema jirani.

"Dishi. Limenishinda. Si fani yangu hasa."

"Hoo! Mamangu wee!" Jirani alipiga makofi mara moja, akajishika kiuno. "Miaka kumi na moja! Kumbe huko Uarabuni ulikuwa ukiwapanguzia taa! Hebu iteremsheni hiyo fremu, mniletee mimi nifunikie karai."

"Muache mtoto," alisema shangazi, lakini alikuwa anacheka ndani ya mtandio.

Mama hakucheka. Alinitazama tu, kisha akatazama saa ya ukutani. "Hakimu anaingia saa hii," alisema.

"Mimi nina namba ya fundi, imeandikwa ukutani pangu," jirani alisema. "Yuko Ngala leo, amepita na pikipiki yake asubuhi. Ila…"

"Ila nini?"

"Ni yule wa Ngomeni."

"Yule yule?"

"Yule yule, bui. Basi chagua. Kesi ya mjane waitaka au huitaki?"

Mama alifunga macho. Naamini hakuna hakimu aliyewahi kupima jambo kwa uzito kama ule. "Aje kama fundi," alisema hatimaye. "Apande paa, ashuke, aende zake. Na asipewe kitu. Hata maji. Mmenisikia nyote?"

Dada, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, alirudi ndani akafunga mlango.

Alifika haraka. "Hodi," alisema, na alipoambiwa karibu alivua viatu, akawaamkia wote watatu mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo bibi, shikamoo mama, macho yake chini. Alijua yuko nyumba gani, jasho lake lilinionyesha. Jirani alimeza maneno aliyokuwa ameyaandaa. Nilimpeleka kwenye ngazi, akapanda. Haikupita dakika, picha ikarudi, na mahakama ikajaa ukumbini kwetu.

Alishuka, akasimama mlangoni na koleo mkononi, akatazama kama mawimbi yametulia. Ndivyo mafundi wa madishi hufanya, husimama dakika mbili tatu. Mle ndani mjane alikuwa ameshaanza kueleza. Nyuma yake alikaa binti yake, na tumbo lake la mimba.

"Samahani, mama," fundi alisema. "Yule binti alipona? Nilimwona akipandishwa gari la wagonjwa, nikiwa nyumba moja kule Barani. Halafu picha ikakaa sawa, nikatoka."

Watatu wote wakageuka.

"Hukujua?" alisema shangazi.

"Nitajuaje, bibi? Mimi tamthilia zote naziona vipande. Nikirekebisha tu, kazi imekwisha, naondoka. Kuna moja, mtu alikuwa ananing'inia kwenye dirisha, mpaka leo sijui kama aliokolewa."

Jirani alicheka kwanza, kisha shangazi. Mama hakucheka, lakini kile asichoweza kukivumilia ni mtu kuachwa katikati ya hadithi. "Alipona," alisema. "Alilazwa siku tisa. Mtoto hakutoka." Kisha, kana kwamba maneno yanamvuta, akamweleza na mengine: jinsi mjane alivyolala kwa jirani yake, jinsi karatasi ilivyopatikana ndani ya godoro. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa, akisema "Ah!" mahali panapostahili.

Hapo kamera ikamgeukia yule mkwe. Alikuwa amekaa na wakili wake, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuna aliyethubutu kuangalia mlangoni.

"Na huyu," fundi alisema mwenyewe, taratibu, "huyu namjua sana. Ameniharibia kazi."

"Amekuharibia vipi?" aliuliza mama.

"Si mwaona, mama, tumefanana? Ngomeni watoto wa ndugu zangu wakiniona wananiimbia ule wimbo wa mwanzo. Mambrui bibi mmoja alinifungia mlango, akaniambia nyumba yake ina hati mbili na zote amezificha." Akatabasamu, na tabasamu likaenda upande mmoja. Akalifunika kwa mkono haraka. "Sasa nimejizoeza kucheka nikitazama chini. Nimeshindwa."

Jirani aliangua kicheko mpaka akaegemea kochi. Mama alitazama mikono yake mwenyewe. Namjua mama yangu, aliona haya.

Akajikohoza. "Dishi lilikuwa na nini?" aliuliza kwa sauti ya kazi. "Tukupe ujira wako."

"Halina kitu, mama. Sichukui ujira."

"Vipi halina kitu na lilikuwa limekufa?"

Fundi alisita. Alinitazama, wala hakujua kwamba anamtazama mwenye kosa. Angeweza kusema kifaa kimeungua, akatoa kipya mfukoni, nani angejua? "Waya ulikuwa umefunguliwa," alisema. "Haukukatika wala haukuoza. Umefunguliwa kwa mkono, na ncha ikafungwa nailoni ili chumvi isiingie. Mimi hata sikuwahi kufikiria kufunga vile. Aliyefanya ni fundi kunishinda. Kwa hiyo mimi nimerudisha tu, na kurudisha si kazi ya kulipwa."

Sifa ile ilinifikia mpaka kwenye mifupa. Fundi mwenzangu, mbele ya mashahidi, amekiri kwamba nimemshinda, nami siwezi kufungua mdomo nikasema ni mimi! Nilitazama sakafu. Nilipoinua macho nilikutana na ya mama. Hakuwa na hasira. Alinitazama, akaitazama diploma, akamtazama yule kijana aliyekuwa anafunga mkoba wake wa vifaa, na kwenye kioo hakimu alikuwa anagonga meza bila ya mtu kumsikiliza.

"Usiende," mama alimwambia. "Hukumu haijasomwa. Utakwenda na kipande tena?"

Akasogea kidogo kwenye kochi, si ili fundi aketi kando yake, maana hilo lingekuwa kubwa mno, bali mkeka uonekane. Fundi akaketi kwenye ukingo wa mkeka.

Kisha mama akapaza sauti kuelekea mlango wa jikoni uliofungwa.

"We mwanangu! Mletee fundi maji."

Shangazi alishika mdomo. Jirani alivuta kanga yake akajifunika uso. Kijana wa Ngomeni aliijua desturi kama sisi. Aliweka mkoba chini polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Ndani jikoni kitu cha bati kilianguka, kikazunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia. Halafu mlango ukafunguka, na dada yangu akatoka na gilasi juu ya kisahani, ameishika kwa mikono miwili, na haikumwagika hata tone.

Mjane alirudishiwa nyumba yake siku hiyo. Nilijulishwa baadaye, sikuiona hukumu, nilikuwa nimetoka uani kuangalia fyuzi.

Sasa dada na mumewe wanaishi hapa hapa Muyeye, njia mbili kutoka kwetu, na saa nane mchana fundi akiwa hana kazi huketi kwenye mkeka ule ule na kuulizia vipande vyake. Mama humweleza. Kwangu mimi kilichobaki ni jirani. Mpaka leo nikipita mbele ya karai lake husema, wateja wakisikia, "Injinia, njoo utazame moto wangu, au nimwite shemeji yako?" Nilimwomba mama amwambie ukweli, mara moja tu, ili jina langu lirudi mahali pake.

"Nimwambie nini?" alisema.

"Kwamba dishi halikunishinda. Kwamba ni mimi niliyefungua waya."

"Mimi nilijua palepale," mama alisema, akipepeta mchele. "Uliposema limekushinda. Neno hilo hujalisema tangu uzaliwe." Akapuliza makapi, akaendelea kupepeta. "Muache acheke. Una diploma, utastahimili."

Kwa jirani sijajieleza. Nimeandika hapa, kwa kuwa yeye si msomaji, na kwa kuwa ile nailoni ilifungwa vizuri sana.